Maji Yaliyoiva

Jumapili, 1955. Kijijini, kando ya mto Lowa.

Mvua imeisha. Naandika hivyo kwa woga kidogo, maana huku msituni mvua huaga kama mtu mwenye maneno mengi: inafika mlangoni, halafu inarudi kukaa. Lakini leo jua limetoka kabla ya kengele ya kanisa, na Lowa imeshuka mpaka mawe ya kufulia nguo yanaonekana tena.

Nina furaha. Ni ile furaha ya kijinga, ya kucheka peke yangu huku nikifunga kitambaa kichwani. Nisipoiandika leo nitaisimulia vibaya siku nyingine.

Nilifika hapa mvua zikiwa ndiyo kwanza zinaanza. Aliyenileta ni Papa Efremu, mwuguzi wa dispensari ya kule barabarani, juu ya baiskeli yake, mzigo wangu mbele na mimi nyuma. Tuliposhuka aliniambia, "Sifa, utakaa hapa mpaka mvua iishe. Mvua njo inaletaka magonjwa ya tumbo. Ikiisha, utarudi kwenu Masisi." Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watu wasinywe maji ya mto vile yalivyo, na watumie choo.

Nilijiona mwalimu mkubwa. Mimi binti wa Burungu ya Masisi, wa milima ya maharage na ng'ombe, niliyesoma kwa masista, nimekuja kuwaangazia watu wa msituni!

Nilipewa kitanda kwa Mama Veronika. Mume wake anafanya kazi migodini, anarudi mara chache. Alikuwa na mtoto wa kiume wa kutambaa, na watu wote walimwita Mugeni. Nilidhani ndilo jina lake. Jioni moja nilimuuliza mama yake kwa nini alichagua jina hilo, akanijibu bila kuacha kumenya mihogo.

"Sijachagua. Ile si jina. Mbele yake balikuyaka bengine babili. Mvua ikakuja, tumbo ikabakamata, bakaenda mbele ya kusimama. Nikimupa huyu jina, nitalilia jina. Mugeni akienda, unamusindikiza tu."

Wawili waliomtangulia walikufa kabla hata ya kuweza kusimama. Na huyu hakuwa hata amebatizwa. Kila Jumapili katekista alimuuliza mama yake, na kila Jumapili alijibu kwamba bado.

Sikulala vizuri siku hiyo. Kabla ya hapo kazi yangu ilikuwa maji. Tangu jioni ile ikawa Mugeni.

Sasa mkutano wangu wa kwanza. Bado nikiukumbuka masikio yanawaka moto.

Tulikutana mbele ya nyumba ya kapita, yaani mkuu wa kijiji. Nilivaa gauni la kanisani. Nikasimama, nikasema kwa sauti niliyoiiga kwa masista: "Mu mai ya Lowa muko wadudu! Wadudu mingi, mingi sana! Kila siku muko munakunywa wadudu!" Nilitegemea washtuke.

Walifurahi.

Wanawake walianza kusemezana haraka haraka. Mzee mmoja akaramba midomo. Kapita akauliza, kwa heshima zote, kama ni wadudu ya namna ya viwavi ao ya namna ya kumbikumbi, na kama iko na mafuta. Nikadhani ananitania, nikapandisha sauti: wako wengi kuliko munavyofikiri, hata kikombe kimoja kimejaa wadudu! Wakapiga makofi.

Kwetu Burungu mdudu ni wa kukanyaga. Huku ni kitoweo. Viwavi vikianza kushuka kwenye miti, watu wanahamia porini na vikapu, watoto wanaimba, na kila jiko linanuka moshi wa kuvikausha. Papa Efremu hakuniambia, labda kwa sababu yeye mwenyewe anavipenda na haoni cha kueleza.

Kesho yake asubuhi nikakuta wanawake karibu wote wa kijiji wako mtoni, maji yamewafika kiunoni, wanachota kwa vikapu vya kuvulia samaki, wanachungulia, wanamwaga, wanachota tena. Na waliochoka kuchota walikuwa wanapumzika wakinywa. Mimi niliyetumwa kuwatoa mtoni ndiye niliyewatumbukiza.

Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshapata sifa ya uongo. Niliwasikia kabisa: huyu wa Masisi anajua kusema, lakini kikapu kimerudi kitupu.

Mama Veronika hakunitukana. Aliniwekea sahani ya viwavi mbele yangu, vinene, vimechemshwa na chumvi.

"Hizi njo wadudu, dada. Sasa ile yako iko wapi?"

"Ile yangu ni ndogo sana, mama. Macho haiwezi kuona."

"Haionekane! Sasa inashibisha nani?"

"Haishibishe muntu. Yenyewe njo inakula bantu."

Akaacha kutafuna. Alimtazama Mugeni, aliyekuwa amekaa mkekani analamba mwiko. Mimi nilikuwa tayari kuanza somo langu la darubini, lile la masista, lenye maneno ambayo hata mimi siyaelewi vizuri. Nashukuru chungu kilikuwa bado kinatoa mvuke pale jikoni, nikakiona, na somo likanitoka kichwani.

"Mama, hizi viwavi unaweza kukula mbichi?"

"Mbichi? Utaharisha mpaka utajuta."

"Na mai ya mu kikombe yako?"

Alikichukua kikombe, akakitazama kama aliyekipokea kwa mtu asiyemjua.

"Iko mbichi," akasema.

Basi ndivyo lilivyozaliwa neno letu. Tangu mkutano ule nilikuwa nikisema chemsha, chemsha, na watu wananiitikia ndiyo, ndiyo. Kumbe kwao maji yaliyochemka ni maji ya moto tu, na nani anataka maji ya moto kwenye joto hili? Lakini maji mabichi! Hakuna mama wa hapa anayempa mtoto kitu kibichi. Siku ya pili Mama Veronika alisimama uwanjani badala yangu, akawaambia wenzake kwamba tangu zamani tumekuwa tukinywa maji ambayo hayajapikwa, na kwamba ni aibu. Wakaenda kuwasha moto.

Ikaja kazi ya kubishana yanaiva lini. Kapita alitaka tuyatie chumvi. Mwanamke mmoja aliyafunika kwa majani ya migomba kama ugali wa safari. Nikawaonyesha yale mapovu makubwa yanayopasuka juu: hapo yameiva, epua, funika, ngoja yapoe. Sasa ukipita mlango wowote kuomba maji, jambo la kwanza unalouliza ni "Imeiva?" Wageni wakipita njiani wanashangaa.

Nyuma ya kanisa, kwenye mteremko, kuna chemchemi ndogo. Watu walikuwa hawaitaki, eti maji yake hayana ladha. Wamezoea ya Lowa, yenye ladha ya mihogo iliyolowekwa. Tuliizungushia mawe na udongo wa mfinyanzi, wanaume wakaleta mwanzi mrefu wakautoboa, na maji sasa yanatoka kwenye mwanzi, meupe kabisa. Niliwaambia ya hapo, tukiitunza vizuri, yanaweza kunywewa hivi hivi. Mama Veronika alinitazama kama nimemwambia ale mihogo michungu bila kuiloweka. Anayapika hata hayo.

Na choo cha kapita! Lazima niandike habari ya choo cha kapita. Huku wanaita musalani. Siku ya kwanza alinionyesha wake kwa majivuno, na kweli, sijaona musalani safi namna ile: sakafu imefagiwa, mlango wa mianzi, hakuna nzi hata mmoja. Nikamsifu. Nikarudi siku nyingine bila kutangaza, nikakuta umejaa nyavu za kuwindia mpaka juu. Alichimba kwa sababu serikali ilisema kila kapita awe na choo. Alichimba, akaona ni mahali pakavu, akaweka nyavu zake. Mkaguzi akija, nyavu zinatoka. Akienda, zinarudi.

"Dada Sifa," aliniambia bila haya, "hii ni nyumba muzuri. Nawezaje kuiharibu na mambo ya vile?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikumkaripia. Nilimuuliza tu, kama mavi ya kijiji kizima iko kule mtoni, viwavi vyake akiviosha pale mtoni anakula nini. Wiki haikuisha nyavu zikahamia chini ya kitanda chake, na mke wake ndiye anayelalamika sasa. Wanaume wengine wamechimba ya kwao, na wanashindana kwa mapaa.

Nimeandika haya yote kwa kucheka, lakini nisijidanganye. Kila mvua ilipopiga paa usiku, nilisikiliza pumzi za mtoto wa watu.

Katikati ya mvua Mugeni aliumwa tumbo. Ilikuwa mchana. Alijikunja, akalia, akakataa ziwa. Nikamwekea maji yaliyoiva, chumvi kidogo na sukari kidogo kama nilivyofundishwa, nikamnywesha kwa kijiko, mengine nikamwagia shingoni. Mama Veronika hakulia. Alichukua nguo zake ndogo zilizokuwa zimeanikwa juu ya moto, akaanza kuzikunja moja moja, taratibu, kama unavyomfungia mgeni mzigo wake.

Nilitaka kumpokonya zile nguo. Nikachota kijiko kingine.

Halafu jirani yetu aliyeingia kutazama akacheka. Nilimchukia kwa dakika ile, Mungu anisamehe. Alikuwa ameona maganda. Pembeni ya jiko palikuwa na mkungu wa ndizi uliowekwa uive, na upande wa chini, pale mtoto anapofika akishika ukuta, haukuwa na ndizi tena. Maganda mengine alikuwa ameyatafuna pia. Jioni tumbo lilikuwa limelegea, na Mugeni anataka ndizi nyingine.

Mama Veronika alizikunjua nguo, akazianika tena.

Basi leo.

Baada ya sala katekista akauliza kama kawaida yake: "Mama Veronika, na huyu mutoto?" Huwa hapo watu tunainamisha macho. Leo Mama Veronika alisimama. Alimshusha mtoto kutoka mgongoni, akamsimamisha chini kwenye udongo, akaachia mkono.

Mtoto akabaki amesimama, tumbo mbele. Kisha akaanza kutembea, katikati ya kanisa, mbele ya watu wote, akiyumba, akielekea mlangoni. Alikuwa hajawahi kutembea bila kushika kitu. Pale mlangoni pana chungu cha maji ya kunywa, tulichokiweka wakati wa mvua. Akafika, akakishika kwa mikono miwili, akageuka akatutazama.

"Iva?" akauliza.

Kanisa zima liliangua kicheko. Katekista alicheka mpaka akavua miwani. Kapita alijibu kwa sauti ya juu, kama anayejibu serikali: "Imeiva, papa! Kunywa!"

Mama Veronika peke yake hakuwa anacheka. Alingoja tutulie.

"Mvua imeisha," akasema. "Njo huyu, amesimama. Jina yake ni Mwenyeji."

Katekista akasema pole pole kwamba hilo si jina la mtakatifu.

"Utaweka ya mutakatifu kwa mbele, ile unapenda," akamjibu. "Lakini mimi nitamwita Mwenyeji."

Nililia. Nililia kama mtoto, na kitambaa changu kipya cha kichwani ndicho kilichofuta kila kitu. Yeye alikuja akakaa karibu nami kwenye benchi, akanigusa bega, na hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kicheko kizito cha tumboni.

"Dada Sifa," akasema, "mugeni njo weye tu sasa."

Mchana tulikula pamoja nje, kijiji kizima. Walipika viwavi. Tangu nifike nilikuwa nikivisukuma pembeni ya sahani na kujifanya nimeshiba. Leo nilichukua kimoja, nikafumba macho, nikatafuna. Kina ladha ya karanga na moshi. Nikachukua cha pili macho yakiwa wazi. Mwenyeji alikuwa amekaa mapajani pangu, na alivichukua vilivyobaki.

Kesho Papa Efremu anakuja na baiskeli yake kunichukua, kwa sababu tulikubaliana kwamba nitakaa mpaka mvua iishe. Mzigo wangu uko pale pembeni ya kitanda. Nimeutazama jioni yote na bado sijaufunga.

Ninapoandika hivi jua linazama, anga ni safi, hakuna wingu hata la ukubwa wa kiganja.

Kesho akifika, nitamwambia mvua bado.