Jino Moja, Mara Moja

Kimumu, Jumatano

Eti jino moja linazibwa mara ngapi? Karani wa mishahara ameniuliza hivyo leo mbele ya foleni nzima, risiti yangu ikiwa mkononi mwake. Nimemweleza kwamba daktari aliweka simiti ya muda tu, ya kulinda jino hadi usaha ukauke, ndipo azibe kabisa. Lakini risiti inasema "kuziba jino", na kampuni hulipia kila jino mara moja.

"Ya pili utajilipia, Bwana Omondi."

Nikarudi kliniki nibadilishiwe risiti. Yule dada wa mapokezi hata hakuinua macho. "Kwetu kuziba ni kuziba."

Nilipomsimulia Mama, alicheka mpaka pengo lake la chini likaonekana. Enzi zao, kwa mila, kila kijana aling'olewa meno sita ya chini kwa siku moja, na mng'oaji akapewa kuku. "Hakuna aliyeulizwa risiti," akasema. Mimi sikucheka.

Halafu wakati wa chakula nimeuma kitu kigumu kwenye dagaa wa omena. Nimekimeza haraka, kabla sijajua kama ni mchanga au ni ile simiti. Tangu hapo ulimi unataka kwenda kuangalia. Nimeukataza.