Mlango wa Nyuma wa Basi Letu

Kaka Damasi,

Shikamoo. Tangu tukuzike pale Katindiuka masika mawili yamepita, na mimi nimechoka, uchovu ambao kulala hakuuondoi.

Basi limepata dereva mwingine. Ana haraka, ila si mtu mbaya. Mimi bado ni kondakta, lakini tajiri mwenye basi alitaka kwanza tukasomee huduma kwa wateja na usalama wa abiria. Nikaona ananidharau. Miaka tisa nimesimama mlangoni mwa basi lako, leo nifundishwe kusalimia watu?

Nimesoma, kaka. Tulianza na kumsikiliza mwenye hasira bila kumjibu. Wewe ulikuwa ukiniambia, "Gauda, abiria akifoka, ujue ametoka mbali." Mwalimu kasema hayo hayo kwa maneno marefu.

Siku ya zoezi tuliingizwa kwenye basi bovu lililoegeshwa uwanjani, tukafungwa vitambaa machoni, tutafute pa kutokea. Nikaenda nyuma nikipapasa viti. Kwenye mlango wa dharura mkono ukagusa mabegi. Wenzangu walikuwa wameyarundika pale bila kuwaza. Nikakaa chini.

Wewe unajua niliweka nini kwenye mlango kama huo siku ile. Magunia ya mpunga tuliyopakia Mchombe. Uliniangalia kwenye kioo ukauliza, "Hapo mlangoni, Gauda?" Nikakujibu kwamba Ifakara si mbali, tunafika sasa hivi. Basi likateleza, likalalia mlango wa mbele kwenye mtaro uliofurika maji ya mvua. Maji yakaanza kuingia, watu wakakimbilia nyuma, wakakuta magunia. Ukavunja kioo cha dirisha kwa mguu, ukawasukuma nje mmoja mmoja. Na mimi ukanisukuma. Wewe hukutoka.

Nilimweleza mwalimu yote. Ni binti, mdogo kwangu. Akasema, "Dada, waambie wenzako kama ulivyoniambia mimi." Nikawaambia. Hakuna aliyeweza kunitazama.

Jumapili baada ya misa nikaenda kwa wifi Tekla. Habari ya magunia alikuwa nayo. Hakujua kwamba uliniuliza. Nilimkuta anapepeta mchele, nikasema nikiwa nimesimama. Ungo ukatulia mikononi mwake. Nilingoja anifukuze. Akauliza, "Sasa hivi huo mlango uko wazi?"

Nikasema uko wazi.

"Haya, kaa. Watoto hawajala."

Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Tukapika.

Kesho naanza tena njia ya Mlimba. Kabla hatujaondoka nitasimama mbele niwaonyeshe abiria pa kutokea, hata wakinicheka, hata dereva akipiga honi. Mwenye gunia atalipeleka kwenye buti, au atabaki nalo kituoni. Na wanao nitawapitia kila Jumapili, niwe na nguvu nisiwe nazo. Hilo nakuahidi.

Lala, kaka. Umeendesha vya kutosha.

Mdogo wako,
Gauda