Bati Jekundu Kwenye Waya wa Modemu

Alhamisi, saa kumi alasiri. Mawingu yamekaa juu ya Kolwezi tangu asubuhi lakini mvua inakataa kunyesha. Malori yanapita, vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi. Mi nimekaa sebuleni na kompyuta yangu, na sitaki kuinuka.

Niseme ukweli kwanza, kabla sijaanza kujipamba. Kwa miezi miwili nimemgombeza mtu asiye na kosa.

Modemu yetu, ile nyeupe tuliyopewa na kampuni ya intaneti, ilikuwa inakata. Inakata kabisa, dakika kumi, robo saa, halafu inarudi yenyewe. Mchana ndiyo zaidi. Umeme upo, taa ya chumbani kwangu inawaka, intaneti hakuna. Nilikuwa nakaa kitandani na kompyuta, nalaani, napiga simu ya kampuni, nasikiliza muziki wao wa kusubirisha watu. Nikitoka hatimaye, nakuta modemu sebuleni inakonyeza taa zake, haijui kitu.

Fundi wao alikuja mara tatu kwa pikipiki, mtu mpole wa makamo. Mara ya pili alitubadilishia modemu. Mara ya tatu aliniambia, "Mama, hii kitu iko muzima. Angalia muzuri humu ndani ya nyumba."

Aka! Nilimchambua kama karanga. Nilimwambia nyumba yetu haina mashetani, mashetani yako kwenye mnara wao. Alivaa kofia yake ya pikipiki akaondoka.

Sikuinuka hata siku moja kwenda kuitazama wakati inakata. Hata siku moja.

Wiki iliyopita shule moja ya Lubumbashi inayofundisha watoto kwa intaneti iliniita kwenye mahojiano. Wanatafuta mwalimu wa hesabu. Nina diploma tangu miaka minne iliyopita na kazi hakuna. Wenzangu wawili wa darasa wanachimba kobalti mtaa wa Kasulo. Na mi siwezi kwenda mbali. Mama anafanya biashara ya muhogo, kila mara yuko njiani kwenda Kasaji na kurudi, na baba hawezi tena kuachwa peke yake nyumbani. Kazi ya kufanyia hapa sebuleni ndiyo pekee ninayoweza kuishika bila kumwacha.

Dakika ya saba ya mahojiano, mkurugenzi wa shule akiwa katikati ya swali, uso wake ukaganda kwenye kompyuta. Halafu ukapotea.

Safari hiyo niliinuka. Nilitoka chumbani mbio, mdomo umejaa matusi. Nikamkuta baba amepiga magoti pembeni ya kabati, waya wa modemu mkononi, ameuchomoa kwenye prizi ya umeme ukutani. Na juu ya waya alikuwa ametundika bati lake jekundu.

Lile bati nalijua tangu utoto. Baba alikuwa fundi umeme mgodini maisha yake yote ya kazi. Kule, mtu akitaka kuingia ndani ya mashine kuitengeneza, anakata umeme kwanza, kisha anatundika kwenye swichi bati lenye jina lake. Hakuna anayeruhusiwa kuligusa, hata mkubwa wa kazi. Aliyetundika ndiye anayetoa. Zamani, siku moja watu walipoidharau sheria hiyo, rafiki yake alikuwa ndani ya mashine ya kusaga mawe, na mwingine akaiwasha. Baba hajawahi kutusimulia yaliyobaki.

"Baba, siku zote ni weye unatoshaka waya ku prizi?"

"Radi iko inakuya," akasema. "Na mutu anaweza kuwa ndani."

Haikuwa radi. Ulikuwa mgodi, wanapasua mawe kwa baruti kila mchana na vioo vyetu vinatikisika, tumezoea. Radi ya huku si mchezo, kila nyumba inachomoa vitu vyake mvua ikikaribia, na hilo baba ndiye aliyetufundisha. Ila tangu mwaka huu kila ngurumo kwake ni radi. Anachomoa, anatundika bati, anangoja. Kukitulia anatoa bati lake, anarudisha waya, anakwenda kukaa. Kazi safi kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako, nilisema moyoni, na papo hapo nikaona aibu kumfikiria baba hivyo.

Na kinachoniuma kweli si modemu. Kwa wiki nyingi sasa ananiita Mbombo, jina la dada yake aliyefariki Mbuji-Mayi. Nikimkumbusha anasema, "Eh, Kapinga," na baada ya saa moja mi ni Mbombo tena. Jina langu limemtoka, sheria ya kazini imebaki. Siku ile nililia jikoni, sitaficha.

Mkurugenzi alinipa nafasi ya pili: leo, saa saba mchana. Saa ya mgodi! Singeweza kuomba saa nyingine, huruma moja nilikwisha kuiomba.

Niliwaza kumfungia baba chumbani. Naandika ili nisijidanganye baadaye: jana nilijaribu ufunguo wa mlango wake kuona kama unazunguka. Unazunguka.

Leo asubuhi nilichukua kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, nikakipaka rangi yangu ya kucha, nyekundu, nikaandika kwa herufi kubwa: KAPINGA IKO KU KAZI. USIGUSE. Nikakitoboa kwa msumari, nikakifunga kwenye waya wa modemu, waya ukiwa ndani ya prizi. Kisha nikahamishia kompyuta hapa sebuleni, nimwone.

Mgodi ukapiga nikiwa namweleza mkurugenzi jinsi nusu na robo zinavyoeleweka kwa mafungu ya nyanya. Baba akainuka. Akaenda kwenye prizi, akashika waya. Mi nikaendelea kusema nyanya, nyanya, Mungu ndiye anajua nilichosema. Baba akaona bati. Akaliinamia, akafuata herufi moja moja kwa kidole, midomo ikicheza. Akauachia waya.

Akavuta kiti, akakaa mbele ya prizi, mgongo ukutani, mikono magotini, macho mlangoni. Mama jirani akachungulia, anataka kuazima ungo.

"Pita badaye," baba akamwambia. "Kapinga iko ku kazi."

Mkurugenzi aliniuliza kama niko salama, maana niliacha nyanya katikati nikimtazama baba. Nikasema niko salama. Watanijibu Jumatatu.

Kesho nitampigia fundi yule na kumwomba msamaha, bila kuzungukazunguka. Ufunguo wa mlango wa baba nitampa mama akirudi kutoka Kasaji, nisishawishike tena.

Mahojiano yalikwisha saa nane. Baba bado amekaa pale mbele ya prizi, kwa sababu bati langu bado linaning'inia, na aliyetundika ndiye anayetoa. Sijalitoa. Kila anayepita mlangoni, baba anamsimamisha na kumwambia jina langu.