Ngoma Imetoka Inje

Kambi ya Dzaleka, siku ya yenga, Jumapili, mangaribi

Imesikika! Sauti ya Mama Neema imesikika!

Bantu ba kanisa ya Area 18, kule Lilongwe, balisema rekodi ya korali yetu ni kelele tu. Ni kweli. Tuko na mikro moja tu ya kurekodi, na ngoma ilikuwa inameza kila kitu. Nikipandisha sauti ya mikro ili imusikie Mama Neema, mwimbaji wetu, ngoma nayo inapanda. Leo nikaweka mama karibu kabisa na mikro, ngoma nikaituma inje.

Papa Déo, mupiga ngoma wetu, akawaka. "We mwana! Unafukuza ngoma kanisani?"

Niliogopa ataacha korali. Lakini sikubadilisha.

Halafu tukasikiliza rekodi. Mama, sauti laini, kila neno wazi. Ngoma nyuma yake.

"Kumbe huyu mama njo anaimbaka hivi?" Papa Déo akauliza. Akabeba ngoma yeye mwenyewe, akaisogeza mbali zaidi, mpaka kwenye bomba ya maji kule inje.

"Turudilie," akasema.