Afisa Alikuta Itundwi Imefagiwa

Wembley, London

Dada yangu Yunisi,

Shikamoo dada. Mguu umepoa? Na yule ng'ombe mwekundu, keshazaa? Mdogo wako Elia ni mzima, nimenenepa, nina koti ambalo ukiliona utasema ni la waziri. Baridi ya huku tu ndiyo haijui cheo cha mtu.

Dada, tangu uniambie kwenye simu habari za yule afisa wa wilaya, nazifikiria mpaka kazini. Kwanza nilicheka. Mtu anatoka mjini na gari, anapita nyumba kwa nyumba, anakuta viwanja visafi, anapiga hodi, nyumba nyingi kimya. Basi akaona watu wa Itundwi wamemkimbia, wamejificha mbugani! Angejuaje kwamba wewe na Shangazi Tabu kila Jumamosi mnawafagilia walioondoka? Kwetu nyumba ya aliye safarini haiachwi iote nyasi, maana ikiota ni kama umemzika mtu akiwa hai. Mgeni hilo halijui.

Kicheko kiliisha uliposema anarudi baada ya mavuno, na safari hii anataka kuona watu awahesabu, siyo usafi. Asipowaona, tunaunganishwa na kijiji cha Kisana ng'ambo ya mbuga, shule inafungwa, jina la Itundwi linakwisha.

Juzi tulikuwa tunasafisha stadium baada ya mpira. Mimi pale ni mtu mkubwa, viti vya upande mzima viko chini yangu, mimi na ufagio wangu. Nikawa namwambia Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu ninayefanya naye kazi, kwamba kwetu ni mji hasa, mnada wa ng'ombe ulikuwa unajaa mpaka vumbi linafunika jua.

"Weye Elia na majivuno yako," akasema. "Sasa hivi iko na batu ngapi?"

Nikaanza kuwataja, nyumba kwa nyumba. Babu aliyefuata maji na ng'ombe zake, akajenga wa kwanza. Waliokuja enzi za vijiji vya ujamaa, wakapangwa mstari mmoja ulionyooka. Kina Zebedayo, Mwanza. Kina Mariamu, Singida mjini. Sisi: mama kaburini, mimi huku. Nikafika mwisho wa mstari, dada, nimebaki na wewe na shemeji, shangazi na zile familia chache za kisimani.

Mama Furaha akaacha kucheka. "Na dada yako akigonjwa, nani atafagia kwake?"

Mimi, Elia, nikashika ufagio nikaenda kufagia safu ya mwisho! Unanijua, hata polisi wa airport hawajawahi kuninyamazisha.

Basi nimeomba likizo. Supervisor akaniuliza kama nina shamba la kuvuna. Nikamwambia nina mbuga nzima. Amekubali kwa mdomo, tarehe bado hajanipa, na ninachohofia ni afisa asije akanitangulia. Ukisikia gari lake, nipigie hata kama niko kazini.

Zebedayo nimempigia aje naye. "Kaka, nitoke Mwanza nije kusimama tu mlangoni?" Nikamwambia simama, mlango si wako? Sisemi tudanganye. Akiulizwa, aseme anaishi Mwanza na kwao ni hapa. Mimi nitasema naishi Wembley, nimepanga chumba, na dirisha lenyewe halifunguki. Kama afisa atakataa kutuhesabu, akatae akiwa anatutazama usoni.

Nisalimie Shangazi Tabu, mwambie koti nililomnunulia lipo. Nisalimie shemeji na mwalimu wa shule. Mwombe asikubali uhamisho kwanza.

Na wewe dada, wiki hiyo nikifika usifagie uwanja wa mama, wala wako. Acha majani yajae. Nataka yule bwana anikute nimeinama, ufagio mkononi, nimtimulie vumbi viatuni.

Ni mimi mdogo wako,
Elia, bingwa wa ufagio London nzima