Kisanduku Kimezima Tena

Jumanne, 6 Mei

Mazoezi saa nane mchana. Kisanduku changu kipya cha besi, kile kinachopeleka gitaa kwenye mixa, mashine ya kuchanganya sauti, kimezima mara tatu. Taa nyekundu inawaka, napiga noti mbili, inafifia — kimya. Bendi nzima inanigeukia mimi.

Hakina betri hiki. Ama ukitie adapta, ama kitumie umeme wa mixa unaokuja kupitia kebo ile ile inayopeleka sauti. Mafundi wanauita fantomu. Adapta inavuma mpaka unaona aibu, kwa hiyo nategemea mixa. Na mixa anaiendesha shemeji, mume wa mdogo wangu. Nikamwambia mixa yako imechoka. Akatoa mita, akapima kwenye tundu: volti arobaini na nane kamili. Akasema kwa upole wake ule unaonikera, "Huku unatoka, shemeji. Labda tuangalie kebo zako."

Kebo zangu! Nimezichomelea kwa risasi mwenyewe, zote nane, miaka hiyo yeye hajui hata mita inashikwaje. Nikamwambia kebo zangu hazishikwi na mtu. Wenzangu wakacheka. Yeye akarudisha mita mfukoni.

Alhamisi, 8 Mei

Leo kimewaka saa nzima, kisanduku kikiwa kimeunganishwa na ampu yangu, kikuza sauti cha besi. Nilipochomoa ampu kikazima. Sielewi. Nimebadilisha jeki, nimepangusa pini kwa spiriti, nimekifungua kisanduku na kukifunga. Shemeji anasema hapo kuna jambo, ampu na umeme wa mixa vinahusiana nini, eti niandike kinavyofanya. Haya, nimeandika. Simwonyeshi.

Jumamosi tuna arusi. Jukwaa dogo, ampu inabaki nyumbani.

Jumamosi, 10 Mei

Sijui nianzie wapi.

Arusi ya mchana. Wimbo wa tatu, maharusi ndio wanaingia, kisanduku kikazima. Nikampigia shemeji kelele kutoka jukwaani — zima umeme huo, washa tena! Akatikisa kichwa. Akaonyesha kwa mkono kwamba ashushe sauti kwanza. Nikapiga kelele tena, safari hii na tusi juu yake. Mbele ya watu mia tatu. Akabonyeza.

Mshindo ule! Wufa zote mbili, zile spika kubwa, zimepasuka. Bibi mmoja meza ya mbele ameanguka na kiti chake, wamemtoa nje wamembeba.

Kiongozi wa bendi alimfukuza shemeji kazi pale pale nyuma ya jukwaa, hata keki haijakatwa. Shemeji akanitazama mimi. Alikuwa ananingoja niseme neno. Nikasema mixa ina matatizo tangu Jumanne, na nilimwonya. Akaanza kukunja kebo za bendi moja moja, polepole, kama siku yoyote ya kazi.

Jumapili, 11 Mei

Mdogo wangu hajapiga simu. Kila Jumapili hupiga.

Jumatano, 14 Mei

Fundi mpya kaja na mixa mpya, bado ina nailoni pembeni. Nimechomeka. Taa, noti mbili — kimya.

Nikatoka uani nikampigia mdogo wangu, nikamwambia kisanduku kinazima hata kwa mixa mpya. Kwa nini nilimwambia? Nadhani nilitaka tu aongee na mimi. Akasema, "Kwa hiyo hakuwa yeye." Nikasema bado sijui.

Niliporudi ndani fundi mpya akanipa kebo yake. Kisanduku kikawaka, kikakaa kimewaka mazoezi yote. Akaniambia tu, kebo zako mama, uziangalie.

Alhamisi, 15 Mei

Nimezifungua zote nane mezani. Saba safi. Ya nane, ile ninayochomeka kwenye kisanduku, pini namba moja haina waya. Haukukatika, umekatwa kwa mkasi, ncha ikafungwa teipu vizuri. Kazi ya mkono wangu. Nimeikumbuka mpaka siku yenyewe: kulikuwa na mvumo ukumbini, nikaukata waya huo mvumo ukanyamaza, nikajiona fundi kweli kweli. Kisanduku nilichokuwa nacho wakati ule kilikuwa na betri yake, hakikudhurika. Hiki kipya umeme wake unarudi kwa waya huo huo. Ampu ikiwepo unapata njia ya kuzungukia. Ampu isipokuwepo, basi. Mita ya shemeji ingeliona hilo kwa dakika mbili, Jumanne ile.

Nimelia. Hasira zaidi kuliko huruma. Kisha nimefanya nini? Nimewasha pasi ya kuchomelea nikaurudisha waya mahali pake. Eti kebo iwe nzima. Mwongo mkubwa mimi.

Ijumaa, 16 Mei

Nimekwenda kwa Kiongozi kusema ukweli. Nimekaa, nimekunywa maji. Akauliza besi vipi sasa, nikasema safi. Akasema, "Unaona? Ni mikono ya yule bwana." Nikaitikia mm. Nikaaga.

Jumapili, 18 Mei, saa tano asubuhi

Wamekuja. Mdogo wangu, shemeji na binti yao. Binti kaniambia mlangoni, "Mama mkubwa, siku hizi baba ndiye ananisuka. Anavuta!" Shemeji amekonda. Kaja na mita, daftari na mixa ndogo. Akasema kama hata kwa mixa mpya kisanduku kinazima basi kosa liko huku kwako, shemeji, usiudhike, nikilipata nampelekea Kiongozi na ushahidi. Alikuwa anatabasamu.

Ningekataaje? Nikaleta kebo zote nane.

Amepima pini kwa pini. Mita inalia tii, tii, tii. Nzima. Nzima. Zote nzima. Akarudia tangu mwanzo. Akachomeka kisanduku kwenye mixa yake ndogo aliyokuja nayo — taa ikakaa. Akaniuliza, "Sasa Jumatano kilizima kwa nini?" Nikasikia mdomo wangu ukisema sikuwa nimechomeka vizuri.

Mdogo wangu amegeukia dirishani. Shemeji akasema, "Basi ilikuwa mixa ile kweli. Na mimi ndiye niliyesema iko sawa. Nisamehe, shemeji." Ameniomba msamaha mimi! Sasa anataka kumpigia Kiongozi akubali kosa, labda wamrudishe hata kubeba spika.

Simu yake haina chaji. Nimeingia chumbani eti natafuta chaja. Chaja ninayo mkononi. Naandika nimesimama.

Kaazima simu ya mkewe, sauti iko juu. Inaita. Kiongozi kapokea. Shemeji anasema, "Kosa lilikuwa langu, Kiongozi, nimepima kila kitu, langu peke yangu." Kiongozi anauliza ana uhakika gani.

"Subiri, shemeji yuko hapa hapa, atakwambia mwenyewe."

Ananiita.