Mkeka wa Bibi

Alhamisi, 6 Juni 2019

Sasa hivi mwanangu Lupe amejificha chini ya mkeka, akatoa kichwa, akacheka. Ule mkeka laini wa Bibi! Mama aliuanika nyuma ya jiko. Nikajua Mama anachotaka — kwenda kuomba radhi kwa desturi yetu, kupiga magoti mbele ya baraza la machifu, amejifunika mkeka, mpaka waufunue na kusamehe.

Ni kwa ajili ya kaka yake. Mjomba Penitala alikuwa profesa wa katiba na haki za binadamu. Baraza lilipofukuza familia moja kijijini, aliitetea mahakamani ikashinda. Familia ikarudi. Yeye wakamfukuza. Miaka ishirini na mbili hajavuka mto. Sasa yuko kwangu, upande huu, ini limekwisha. Anataka azikwe kando ya Bibi, ng'ambo.

Nilimuuliza mbona hakwenda mahakamani kujitetea mwenyewe. "Hakimu ataniamulia, mwanangu. Kaburi nani atanichimbia?"

Ijumaa, 7 Juni

Nimemsomea kitabu chake, macho yake hayaoni tena. Niliishia kidato cha pili, najikwaa.

"Polepole. Hata majaji walijikwaa hapohapo."

Mahali fulani ameandika kwamba mtu asipigishwe magoti ili aishi kwao. Mama alikuwa anamenya magimbi. Akasema, "Wewe andika, Kaka. Magoti ni yangu."

"Ukienda, msinizike huko."

Hawajasemezana tangu hapo. Chai wanapelekeana kupitia kwangu.

Jumatatu, 10 Juni

Mama kavuka alfajiri. Kutoka hapa mlangoni nauona mkeka, mbele ya nyumba ya baraza. Saa nne sasa. Mvua imepita juu yake. Hakuna aliyeufunua.

Mjomba kauliza, mama yako yuko wapi. Nikasema dukani.

"Na mkeka nao umekwenda dukani? Mtoto anaulilia tangu asubuhi."

Akageuzia uso mlangoni. Halafu — "Magoti yake mabovu yule."

Ameomba shati lake la mahakamani. Nimemvalisha, limemzidi mara mbili. Anataka abebwe avuke, akae naye chini ya mkeka. Kukaa kwenyewe hawezi. Mume wangu kaenda kuazima toroli.

Mimi naamini wataufunua. Lazima.

Kuna mzee ametoka barazani. Amesimama karibu na Mama, anautazama mkeka. Mikono bado iko nyuma. Sasa ame— Mjomba ananiita, anataka viatu. Sijui nimwambie kwamba mzee ameinama, au ningoje kwanza.